Fundi Msafiri bin Shaaban na Injini Ndogo ya Bahi

Karatasi ya kumuaga, isomwe kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote wa karakana ya Bwana Helke, Dodoma, Jumanne, tarehe 31 Machi 1914.

Leo Fundi Msafiri bin Shaaban anatimiza miaka ishirini na mmoja kamili katika kazi ya karakana hii, na leo hii hii anaiacha. Aliandikwa kazini tarehe 1 Aprili 1893, wakati karakana yenyewe ilikuwa banda moja la makuti kule Dar es Salaam, na jina lake ni la tatu katika daftari la kwanza. Wawili waliomtangulia hatunao tena. Mmoja amefariki, Mungu amrehemu, na mwingine aliomba ruhusa ya kwenda kunywa maji siku ya pili ya kazi na mpaka sasa hajarudi. Basi Mzee Msafiri ndiye mkongwe wetu, tukipenda tusipende, na leo tumekusanyika kumshukuru.

Mimi niandikaye ni Seth, karani na mkalimani wa karakana, mzaliwa wa Makole hapa hapa. Nimepewa kazi hii kwa ajili ya mwandiko wangu, lakini mimi nimeikubali kwa sababu nyingine. Liko jambo moja juu ya mzee huyu ambalo nyote mnaliamini, na si kweli. Mnaamini kwamba ndiye aliyeichagulia mashua ya Bahi ile injini kubwa, ikazama mbele ya watu. Jambo hilo limeandikwa kwa wino katika kitabu chake cha kazi. Akiondoka nalo leo, atazeeka nalo, na huko kwao watamjua kwa hilo. Nitalifikia, msiwe na haraka. Kwanza nimtendee haki kwa yale mnayoyajua.

Mzee Msafiri ni Mrangi wa milima ya Kondoa. Alishuka pwani na msafara wa nta, mzigo kichwani, akiwa na nia ya kununua kaniki mbili na kurudi nyumbani. Bwana Helke alikuwa na mashua ndogo ya mvuke ya kukokota matishari bandarini, na siku hiyo mchochea moto wake alikuwa mgonjwa. Msafiri akaombwa atie kuni kwa mchana mmoja tu. Anasema mpaka leo anangoja mchana ule uishe. Zile kaniki alizinunua miaka minne baadaye, akamletea Bi Kuluthumu binti Juma, ambaye alikuwa amekwisha kukata tamaa na kuanza kumsikiliza mchumba mwingine. Bi Kuluthumu yupo hapa leo, na akitaka kueleza upande wake wa habari hiyo atapewa nafasi baada ya chakula.

Reli ilipoanza kupanda bara, karakana nayo ikapanda nyuma yake, Morogoro, Kilosa, hata Dodoma mwaka 1910. Kila kituo Mzee Msafiri alijenga upya kila kitu: tanuri, meza ya vyuma, na choo. Amefunga pampu za visima, mashine za kusaga, na lile jenereta la hoteli ambalo lilikuwa likizima kila mgeni mkubwa anapoinua glasi. Kusikiliza injini kwake ni kazi ya meno. Anauma ncha ya kijiti, ncha ya pili anaigusisha chuma, anafumba macho, kisha anakwambia ugonjwa. Fundi chuma wetu Bartolomayo aliwahi kumwiga, akapoteza jino la mbele, na ndiyo sababu anapiga miluzi anapozungumza.

Hapendi kuharakishwa. Hapendi grisi itumike ovyo; anaipaka kwa kidole kimoja kama mtu anayemgawia jirani asali. Hapendi mlenda wetu Wagogo, ingawa kwa miaka minne ameula kila adhuhuri na bakuli halijabaki na kitu. Akiimba kazini, waliokuwa wanazungumza hunyamaza, si kwa kupendezwa. Haya yote tumeyavumilia kwa furaha.

Lakini sifa yake kubwa ni kujua ukubwa wa injini unaofaa. Watu wengi wanaokuja hapa, Wazungu kwa Waafrika, Wahindi kwa Waarabu, swali lao ni moja: injini kubwa kuliko zote ni ipi? Mzee Msafiri halijibu swali hilo. Yeye anauliza la kwake: itabeba nini, itapita wapi, na ikizimika nani ataisukuma mpaka nyumbani? Hili la mwisho limewanyamazisha wengi. Kule Morogoro, bwana mmoja mwenye shamba hakutaka kusikia. Akanunua injini ya kuvutia maji iliyotosha mashamba matatu, akaifunga kwenye kisima kimoja. Siku ya kwanza ilinyonya maji yote, ikanyonya tope, na kabla chai ya bwana haijapoa bomba likatema chura. Mzee Msafiri alimwokota yule chura akamweka kivulini, akaenda zake kula.

Tulipofika Dodoma ikabidi atafute kipimo kipya, kwa maana Wazungu huhesabu injini kwa nguvu za farasi, na huku kwetu farasi hakai, anakufa. Bartolomayo alipoambiwa injini hii ina farasi wanne, aliizunguka mara mbili. Mzee akawa anawahesabia wateja kwa punda: punda wawili kwa kila farasi, isipokuwa punda wa Kondoa, ambaye kwa madai yake ni sawa na mmoja na nusu. Watu wakamwelewa mara moja.

Sasa nije Bahi.

Mnajua jinsi masika yanavyoifanya Bahi. Mto Bubu unamwaga maji yake katika ile mbuga, na njia ya kutoka stesheni kwenda vijiji vya ng'ambo inakuwa chini ya maji kwa miezi mitatu. Watu wanavuka kwa miguu, maji kifuani, watoto mabegani. Januari mwaka jana wanawake wawili walichukuliwa na maji wakitoka kuuza kuku. Hapo mfanyabiashara mmoja wa Bahi, Hasani bin Sefu, akaja kutuagiza mashua ya kuvushia watu, yenye injini, kwa sababu kwa makasia safari ingemaliza nusu siku na matete yangewashinda wapiga makasia.

Mashua tulikuwa nayo, ya mbao, urefu mita tano. Injini zilikuwa mbili. Moja ya farasi wanne, nyepesi, iliyokwisha kufanya kazi ya pampu. Watu wawili wanaibeba. Ya pili ya farasi kumi na wawili, mpya, imefika kwa gari moshi ndani ya sanduku lake, inang'aa; kuibeba kulihitaji watu sita na matusi mengi.

Wakati huo Bwana Helke alikuwa amekwenda kwao Ulaya kupumzika. Mahali pake alikaa kijana wa ndugu yake, tuliyemwita Bwana Mdogo, ambaye amekwisha kurudi kwao. Bwana Helke mnamjua, anazungumza Kiswahili na anagombana kwa Kiswahili. Bwana Mdogo hakujua hata neno moja. Kila alilosema lilipita kinywani mwangu, na kila aliloambiwa lilipita kinywani mwangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na suruali mbili, nikajiona mtu mkubwa sana.

Mzee Msafiri alikwenda Bahi siku tatu. Aliingia majini na fito, akapima kina, akayapima matete, akarudi na ruba miguuni na jibu kamili. Nalikumbuka neno kwa neno, kwa kuwa alinieleza taratibu ili nisikose kulitafsiri. Alisema mashua ya urefu ule ina mwendo wake wa asili, na ukiizidishia nguvu haiendi mbio, bali inainua pua na kukalia nyuma. Alisema injini kubwa ina uzito wa watu watatu wanene walioketi tezi, yaani nyuma kabisa, hata kabla abiria hawajapanda. Alisema hakuna benzini Bahi, kila debe litatoka Dodoma kwa gari moshi, na ile kubwa inakunywa madebe matatu wakati ndogo inakunywa moja. Akamaliza hivi: "Mwambie Bwana, ni ile ya farasi wanne. Hiyo kubwa itawazamisha watu."

Bwana Mdogo alikuwa amesimama kando ya sanduku lililofunguliwa, akiifuta ile injini mpya kwa leso yake mwenyewe. Aliniuliza mzee anashauri ipi, na kabla sijajibu akasema kwamba yeye haoni namna mtu mwenye akili anavyoweza kuiacha mashine nzuri kama hii.

Nikamwambia kwa Kijerumani safi kabisa: fundi anashauri ya kumi na mbili.

Naam. Mmesikia sawasawa. Mimi Seth ndiye niliyeichagulia mashua ya Bahi injini kubwa.

Sababu ninazo, wala hazinisaidii. Niliogopa. Wiki iliyotangulia seremala mmoja alisema ubao fulani umeoza, Bwana Mdogo akaona amejibiwa vibaya, na seremala akapelekwa bomani akala kiboko. Niliona vilevile kwamba mwenye kuleta neno la kuudhi ndiye anayekuwa karibu na mkono. Lakini si woga peke yake. Mimi ni Mgogo, mtoto wa wafugaji. Kwetu mtu haendi mnadani akachagua fahali mdogo. Ndani ya moyo wangu nilidhani mzee amekosea, na kwamba karani aliyesoma shule ya serikali anaweza kumrekebisha bila yeye kujua.

Bwana Mdogo alifurahi akampiga Mzee Msafiri begani. Mzee naye akadhani ushauri wake umekubaliwa, akafurahi pia. Kesho yake alipoona inafungwa ile kubwa, alishangaa, akasema tu kwamba Wazungu hulala na neno moja na kuamka na jingine. Nilikuwa na siku kumi na tisa za kusema kweli. Nilizitumia kunakili hati.

Siku ya kuizindua mashua ilikuwa Jumamosi, tarehe 22 Februari. Watu walijaa ukingoni, wengine wamekuja kwa gari moshi. Orodha ya abiria wanane wa kwanza niliiandika mimi, na jina la kwanza lilikuwa la mama yangu, Loisi, aliyekuwa na dada yake ng'ambo ambaye hajamwona tangu mvua zianze. Jina la pili lilikuwa langu. Mama alivaa nguo mpya, akawa anaamkia kila mtu, "Mbukwa! Mbukwa!", kama bibi arusi. Hajui kuogelea. Mimi pia sijui. Katika wale wanane hakuna aliyejua. Sisi ni watu wa nchi kavu.

Mzee Msafiri ana desturi yake, nanyi mnaijua na mmeicheka mara nyingi: chombo chochote kipya hakipandishi mtu kabla hakijapandisha mchanga. Aliomba wale wanane wapimwe kwenye mizani ya Hasani, na kila mmoja ajaziwe gunia la mchanga lenye uzito wake, liwekwe mahali pake pa kuketi. Bwana Mdogo alitazama saa yake. Ombi hili nililitafsiri kama lilivyo, kwa kuwa niliona mchanga haumtukani mtu. Bwana akakubali kwa kunung'unika.

Basi tukapimwa. Mama yangu alining'inia kwenye mizani akicheka, akasema tangu azaliwe hajapimwa kama samli. Gunia lake likawekwa benchi la nyuma, maana wanawake ndiko wangekaa, wasilowe na rasharasha za mbele. Mzee Msafiri akashika usukani peke yake. Akaipeleka mashua pole pole mpaka mahali alipopajua kwa fito zake, ambapo maji hayamfuniki mtu, kisha akaiongezea mwendo kama ambavyo Bwana Mdogo alikuwa akiashiria kwa kofia kutoka ukingoni.

Pua ikainuka. Watu wakashangilia, wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Nyuma ikakaa chini, maji yakaja juu ya ubao wa tezi kama mtu anayevuka kizingiti, bila kelele, na gunia la mama yangu ndilo lililokwenda la kwanza. Kisha la kwangu. Kisha yote. Haikupita muda wa kusema Baba Yetu nzima. Mzee Msafiri alisimama ndani ya maji kifuani, ameshika kamba, kilemba kimemwangukia masikioni.

Nilimtazama mama. Alikuwa ameacha kucheka.

Bwana Mdogo alikuja juu, uso mwekundu, akanena maneno ambayo shuleni hawakutufundisha. Mzee alipotoka majini, Bwana akaniamuru mbele ya watu wote: mwulize mzee huyu kwa nini alisema kumi na mbili. Nikalitafsiri. "Bwana anauliza kwa nini ulisema injini ya kumi na mbili."

Hapo ndipo Mzee Msafiri alipojua. Nilimwona akijua. Alinitazama, akamtazama mtu mwingine nyuma yangu, akakamua kilemba chake. Kama angesema kweli, ningelala bomani usiku ule, na kesho yake nisingeweza kuketi. Akasema, "Mwambie nilikosea."

Nikamwambia Bwana hivyo hivyo. Safari hii sikubadili neno.

Mnayajua yaliyofuata, lakini mnayajua nusu. Bwana Mdogo alitaka kumpeleka bomani, na mzee aliponea chupuchupu tu kwa sababu Hasani aliingilia, akasema mashua ni yake na yeye hana malalamiko. Badala yake akavuliwa ufundi mkuu, akawekwa kutia grisi pampu. Katika kitabu chake cha kazi yakaandikwa haya: "Alichagua vibaya injini ya Bahi. Asiaminiwe kuchagua." Aliyeyaandika ni mimi, kwa amri, kwa ule mwandiko mnaousifu.

Siku ile ile, ndani ya gari moshi la kurudi Dodoma, mama yangu alimkabili Mzee Msafiri mbele ya abiria wote. Alimwambia, "Mzee mzima wewe! Ungetuua, mimi na mwanangu!" Mzee akamjibu, "Ni kweli, mama Seth." Tangu siku hiyo mama akikutana naye njiani hageuki kumwamkia. Mwaka mzima na mwezi mmoja. Kila akimlaumu jioni tukila, mimi hutazama bakuli.

Mashua ilitolewa majini, ikafungwa ile injini ndogo, kwa kuwa haikubaki nyingine. Leo ni masika ya pili inavusha watu Bahi, wanane wanane, na hakuna aliyelowa isipokuwa mlevi mmoja aliyetaka kukojoa huku amesimama. Inakwenda mwendo wake wa asili kama mzee alivyosema, na benzini ni debe moja. Sifa alipewa Bwana Mdogo, akaondoka nazo kwenda Ulaya. Mzee Msafiri akaendelea kutia grisi kwa kidole kimoja. Wateja wakija kutaka ushauri wa injini aliwaelekeza kwa Bartolomayo, na adhuhuri Bartolomayo alikuja kwake na bakuli la mlenda, akauliza ajibu nini. Bartolomayo ameniruhusu niliseme hili. Anaona haya, lakini ameniruhusu.

Juma lililopita nilimfuata mzee nyuma ya tanuri. Nilimwomba radhi, kwa maneno mengi kama ilivyo kawaida yangu, kisha nikamuuliza kwa nini alijitwika kosa lisilo lake. Nilitarajia maneno makubwa. Akaendelea kufunga mzigo wake, akasema, "Mama yako alikuwa amesimama pale."

Basi hilo tu. Akaniomba nimshikie kamba akaze fundo.

Asubuhi hii niliingia ofisini kwa Bwana Helke, nikamsomea karatasi hii yote kwa Kijerumani, asikose hata neno, tangu juu hadi hapa. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akaagiza kitabu cha kazi cha Mzee Msafiri, akaupiga mstari ule mwandiko wangu mzuri mara mbili, na chini yake akaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Fundi huyu alichagua sawasawa. Kosa lilikuwa la mkalimani." Akaniambia kesho saa mbili asubuhi nifike kwake, tuna mazungumzo. Yatakayokuwa huko yatakuwa. Mwenye kutaka kazi ya ukarani ajiandae.

Mzee Msafiri, sisi wenzako tunakushukuru. Tunakushukuru kwa visima vinavyotoa maji badala ya vyura, kwa mashine zinazosaga, kwa mafundi saba uliowafundisha kuuma kijiti, hata kwa nyimbo zako, ambazo kuanzia kesho tutazikosa na tutashangaa kwamba tunazikosa. Tumekununulia jembe jipya, na punda mmoja, wa Kondoa, kwa hiyo mhesabu mmoja na nusu. Mimi kwa upande wangu nakushukuru kwa uhai wangu na wa mama yangu, ulioupima kwa mchanga, na kwa aibu yangu, uliyoibeba wewe badala yangu mwaka mzima bila kunidai hata salamu. Nenda Kondoa ukapumzike na Bi Kuluthumu, ukavune uwele wako, na Mungu akupe siku nyingi njema, zisizo na mtu wa kukuharakisha.

Neno la mwisho ni kwa yule anayesoma karatasi hii. Nimeomba isomwe kwa sauti kwa sababu mama yangu Loisi hajui kusoma. Nimemsihi sana mpaka akakubali kuja, na ameketi safu ya mbele, karibu na Bi Kuluthumu, ambaye hajamgeukia. Sikumwambia nimeandika nini. Sasa amekwisha kusikia. Tafadhali, msomaji, nyamaza kidogo hapa, usikunje karatasi kwanza, mama apate nafasi ya kuinuka akamwamkie mzee.